Ripoti ya Breki Niliyokataa Kuisaini

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa ufundi hapa Morogoro, hakosi mtu mmoja wa heshima wa kunivuta pembeni kabla sijaanza. "Mama Tekla," ananinong'oneza, "leo tuongelee mafanikio tu. Ile habari ya breki tuiache." Namjibu, "Sawa, baba," halafu nasimama mbele ya watu na kuanza na breki. Safari hii nyie wanafunzi mmeniomba niandike, na kwenye karatasi hakuna wa kunivuta pembeni. Naanza nayo tena, na anayekereka akereke.

Mimi ni Tekla Mkude, mtu wa Mgeta. Nimefanya kazi miaka thelathini na minne kwa kampuni moja ya magari ya Kijerumani. Niliingia nikiwa mwanafunzi wa gereji, msichana pekee, ovaroli yangu ya kiume imenipwaya mpaka naifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Nilitoka nikiwa mkurugenzi wa huduma za ufundi kwa Afrika Mashariki. Jina la kampuni sitaliandika. Wanaolijua wanalijua, na wenyewe wanajijua zaidi.

Watu hupenda kuniuliza nilipandaje. Wanataka niseme niliwahi kazini na niliheshimu wakubwa. Niliwahi, ndiyo, na shikamoo nilitoa asubuhi na mchana. Wenzangu zaidi ya kumi walifanya hivyo hivyo na wakastaafu na spana zao mkononi. Mimi nilipandishwa na kitu nilichokataa kufanya, na kabla hakijanipandisha kilinishusha mpaka chini kabisa. Mkitaka kunielewa, sharti nianze na aliyenifundisha.

Aliitwa Fundi Salehe, mzee wa Kilakala, mfupi, mwenye kofia ya mkono iliyokuwa imebadilika rangi kwa oili. Hakuwahi kupiga kelele, na hilo lilitutisha kuliko kelele. Alikuwa na ndoo ya oili chafu ambayo ndani yake alitupa nati za kila saizi. Kila Jumatatu alituita: "Binti, zamisha mkono. Usiangalie. Nitajie." Nazamisha, napapasa, nasema kumi na tatu. Natoa, ni kumi na nne. "Rudisha." Wavulana walicheka kwa sababu nilikosea sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nilikuwa nazitaja zote bila kukosea, na waliocheka bado walikuwa wanachanganya kumi na saba na kumi na tisa. Fundi Salehe alisema gari lina sehemu nyingi ambazo jicho halifiki, na fundi asiye na macho ya vidole atakaa anabahatisha maisha yake yote.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kukiri kosa, na hilo somo lilikuwa chungu kuliko ndoo. Mwaka wangu wa pili nilibadilisha oili kwenye gari la mhadhiri mmoja wa Mzumbe. Nilikuwa na haraka ya kwenda harusini. Nati ya kumwagia oili niliikaza kwa mkono, nikasema nitarudi na spana, sikurudi. Gari lilifika Mikese likazimika, injini imekauka kama kuni. Lilipovutwa mpaka gereji, Fundi Salehe aliinama chini yake, akanyooka, akauliza kwa upole, "Nani alifunga hii?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Binti, mwenye gari yuko ofisini. Kamwambie."

"Fundi, nitafukuzwa."

"Inawezekana. Kamwambie."

Nilikwenda. Yule mhadhiri alinifokea mpaka miwani ikamteleza puani, akaniita majina ambayo sikuyajua maana yake kwa sababu aliyasema kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Nililia mbele yake. Sikufukuzwa, nilipewa kazi ya kuivua injini ile, kuifumua na kuijenga upya chini ya uangalizi wa Fundi, wiki tatu, na harusi mbili nyingine zikanipita. Kuanzia hapo, kila gari likirudi na matatizo, kitu cha kwanza ninachojiuliza ni hiki: je, ni mimi? Nawaomba muwe na swali hilo. Litawaokoa, na pia litawanyima raha, kama mtakavyoona.

Baadaye nilipelekwa Ujerumani mwaka mmoja kusoma. Huko nilikuta kompyuta inayochomekwa kwenye gari na kuorodhesha magonjwa yake yote. Nilirudi nayo Morogoro kama mtu aliyerudi na dawa. Mafundi wazee walininunia. Fundi Salehe, aliyekuwa amekaribia kustaafu, alikuja akaitazama kwa muda mrefu. "Inasoma kila kitu?"

"Inasoma kila penye waya, Fundi."

"Na pasipo na waya?"

Nilicheka, nikamwambia ulimwengu unabadilika. Nyie wa siku hizi mnaonichekea mimi kwa simu zenu, nawaelewa vizuri kabisa. Nimeshakaa upande huo wa kicheko.

Ikafika siku nikawa mkuu wa gereji ya tawi la Morogoro. Kampuni ilikuwa imeleta pikapu mpya, imara kwa kuitazama, na watu wa milimani walizipenda. Mgeta, Matombo, Kinole, kila anayesafirisha mboga au ndizi alitaka pikapu ile. Mmoja wa walionunua alikuwa Ramadhani wa Nyandira, ambaye wote tulimwita Rama. Rama alikuwa dereva mwangalifu mpaka anakera. Alikuja gereji kabla ya kilomita kutimia, akauliza maswali, akataka kuona oili ya zamani ikimwagwa kwa macho yake.

Asubuhi moja ya mvua, akishuka na kabichi kutoka Nyandira, breki zilimkataa. Pembeni yake ameketi Bi Mwajuma, mchuuzi wa mboga. Kushoto kuna bonde ambalo ukichungulia unaona miti kwa juu. Rama akaliparamisha gari kwenye gema la kulia. Lilipinduka. Bi Mwajuma alivunjika nyonga, Rama akavunjika mkono. Siku ya pili Rama alikuwa mahabusu, mkono umefungwa plasta, ameshtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kujeruhi.

Nilipopata habari, nilifungua daftari la gereji kabla hata sijakaa. Pikapu ya Rama ilikuwa imefanyiwa huduma wiki tatu nyuma, na aliyekagua breki ni mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Wanangu, nitawaambia ukweli ambao sikuwahi kuusema jukwaani. Kwa nusu siku nzima niliomba Mungu iwe ni kosa la Rama. Niliomba awe amelewa, au amebeba mzigo kupita kiasi, au amelala. Kisha nikaona haya, nikaenda kituoni kumwona.

Alisimama nyuma ya nondo. "Shikamoo, dada Tekla."

"Marahaba, Rama. Pole. Niambie yote, usinifiche hata kitu kimoja. Ulibeba kiasi gani?"

"Matenga kumi. Nilipima, dada. Unanijua."

"Taa yoyote iliwaka?"

"Ile nyekundu ya breki. Iliwaka nimeshaanza mteremko mrefu. Nikakanyaga, pedali ikashuka zaidi ya kawaida, lakini gari likapunguza. Nikashusha gia mpaka namba moja, nikatafuta pa kusimama, hakuna. Nikavuta hendibreki. Nikasikia harufu ya kuungua mbele. Nikakanyaga tena, pedali ikaingia mpaka chini, laini kama nakanyaga sifongo. Bi Mwajuma anasoma dua. Ndiyo nikachagua gema." Akashika nondo kwa mkono wake mzima. "Dada, wewe ndiye uliyekagua zile breki. Ziliharibika nini?"

Hakuniuliza kwa lawama. Aliniuliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari, na hilo ndilo lililonitoa machozi nilipofika nje.

Pikapu ililetwa uani kwetu kwa amri ya polisi, ili mkaguzi wao aiangalie na sisi tutoe ripoti ya kitaalamu. Nilichomeka kompyuta. Ikasema mafuta ya breki yamepungua, basi. Yamepungua yameenda wapi, haikujua. Nikalala chini na kuanza kufuata bomba la breki kwa mkono, kutoka mbele kurudi nyuma. Juu ya ekseli ya nyuma bomba la chuma linaunganishwa na mpira, ili magurudumu yakipanda na kushuka lisikatike. Nilipitisha kidole juu ya mpira ule, upande unaotazamana na chesisi, upande ambao ukilala chini huuoni. Kidole kikaingia kwenye ufa.

Ulikuwa umesagwa. Haukuchanika kwa ajali. Umesagika taratibu, safari baada ya safari, na makali ya kishikizo cha bati kilichowekwa pale kiwandani. Mafuta ya breki za nyuma yalivuja yote. Breki za mbele zikabaki na mteremko mzima peke yazo, zikachemka, nazo zikaachia.

Sasa swali langu: mbona sikuuona wiki tatu nyuma? Nilichukua pikapu nyingine ya aina ile iliyokuwa gereji, nikainyanyua kwenye mashine kama tunavyofanya siku zote. Magurudumu yakaning'inia, na mpira ukakaa mbali na bati, nafasi ya vidole viwili. Hapakuwa na tatizo lolote. Nikaishusha, nikaipakia mifuko ya mchanga kwa uzito unaoruhusiwa, nikapandisha gurudumu moja la nyuma juu ya jiwe kama lilivyo barabara ya Mgeta. Nikaingia chini. Mpira umelala juu ya makali ya bati kama shingo kwenye kisu.

Lishikeni hili hata mkiyasahau mengine yote: gari lililonyanyuliwa liko mapumzikoni. Mlikague likiwa kazini, limebeba, limepinda, linateseka. Miaka yote tulikuwa tunakagua magari yaliyopumzika na kuwaambia watu yako salama.

Niliwapigia simu wenye pikapu tano, wakazileta nikazikagua. Nne zilikuwa na alama ile ile. Nilipiga picha zote kwa simu yangu, nikaandika ripoti, nikaituma makao makuu ya Dar es Salaam. Nilidhani watanishukuru.

Siku nne baadaye ilirudi ripoti nyingine, imeshaandikwa, imebaki mahali pa sahihi yangu tu. Ilisema: hakuna hitilafu ya kiwandani iliyobainika, chanzo cha ajali ni mzigo uliozidi na matengenezo duni ya mmiliki. Nilimpigia mkurugenzi wetu.

"Bosi, hii si ripoti yangu."

"Ni ripoti ya kampuni, Tekla. Saini tu. Bwana Holtmann yuko hapa kutoka Ujerumani, yeye ndiye mkuu wa ubora wa dunia nzima, na ameipitisha."

"Ameliona gari?"

"Hahitaji kuliona."

"Basi aje alione, halafu asaini yeye."

Akakata simu. Nilidhani nimefukuzwa pale pale. Lakini baada ya siku mbili gari jeusi likaingia uani, na akashuka Mjerumani mrefu wa makamo, shati jeupe, viatu vinavyong'aa. Alinisalimia kwa Kijerumani kunijaribu. Nikamjibu kwa Kijerumani, kisha nikamwambia tupande mlimani.

Nilimpeleka kwenye mteremko wenyewe, juu kidogo ya pale Rama alipopindukia. Nilikuwa nimepakia pikapu yetu ya majaribio kabichi, zimepimwa kwenye mizani na karatasi ninayo. Nikapandisha gurudumu kwenye mwamba, nikatandika gunia matopeni. "Karibu, Bwana Holtmann."

Alilitazama gunia. Wanakijiji walikuwa wameanza kukusanyika, na mama mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mzungu naye anaingia chini?" Nitampa haki yake: aliingia. Alilala chali na shati lake jeupe, akanyoosha mkono, na nikaona mara moja kwamba mkono ule ulikuwa umewahi kufanya kazi. Haukupapasa ovyo. Ulifuata bomba taratibu mpaka kwenye bati, ukasimama hapo. Alipotoka, tope limemjaa mgongoni, alisema, "Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye kuunganisha ekseli."

"Basi umeelewa."

"Nimeelewa." Alikuwa anajifuta vidole kimoja kimoja. "Lakini, Bi Mkude, kuelewa ni jambo moja na kuandika ni jambo lingine. Pikapu hii iko nchi nyingi sana. Ukiandika kasoro ya kiwanda, hujaandika habari ya Morogoro. Tulainishe maneno. Tuseme chanzo hakikuthibitika."

"Na Rama?"

"Dereva atapata wakili."

"Rama atafungwa, Bwana Holtmann. Atafungwa kwa sababu aligeuza gari kuelekea upande ambao watu wasingekufa. Wewe umeshika ule mpira kwa mkono wako. Mimi siandiki hakikuthibitika."

Tulishuka mlimani. Wiki hiyo hiyo nilisimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Walinichukulia funguo, walinichukulia kompyuta, mlinzi ambaye nilimtafutia kazi mwenyewe akapekua mkoba wangu huku akinitazama pembeni. Picha hazikuwa mkobani. Zilikuwa kwenye simu yangu, na nilikuwa nimeshazichapisha seti mbili.

Nawaambieni jinsi ilivyokuwa, msije mkadhani ushujaa una ladha tamu. Watu niliowafundisha walivuka barabara waliponiona. Ndugu zangu walikuja kutoka Mgeta kwa kikao, wakaniambia mwanamke mwenye cheo kama changu hachezi na mkate wake. Mama yangu peke yake aliuliza swali la maana: "Hicho kidole chako kiliingia kwenye ufa, au hakikuingia?" Nikasema kiliingia. Akasema kikao kimekwisha, akawapakulia chakula.

Nilifungua kibanda cha ufundi njia ya kwenda Mazimbu, paa la mabati, benchi moja. Wanafunzi wa chuo waliniletea pikipiki. Mmoja aliniambia, "Mama, si ulikuwa bosi wewe? Noma sana." Nikamwambia anishikilie taa na afunge mdomo.

Kesi ilipoitwa, nilienda kuwa shahidi wa Rama. Mawakili wa kampuni hawakuwepo, maana kampuni haikushtakiwa, ila barua yao ilisomwa: hakuna kasoro inayojulikana. Fundi Salehe alikuja, mzee sasa, akakaa benchi la mbele na ile kofia yake. Mwendesha mashtaka aliniuliza swali alilodhani litanimaliza.

"Wewe si ndiye uliyekagua breki za gari hili wiki tatu kabla ya ajali?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Na ukaandika ziko salama?"

"Niliandika hivyo, na nilikosea. Nililikagua gari likiwa limenyanyuliwa. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha wengine hivyo. Mheshimiwa hakimu, kama kuna uzembe, anzeni na mimi na kampuni yangu kabla hamjafika kwa dereva."

Kisha nikaomba ruhusa nikaweka juu ya meza kipande cha chesisi chenye bati na mpira, ambacho mkaguzi wa polisi alikuwa amekikata na kukihifadhi kama kielelezo. Hakimu alishuka kwenye kiti chake. Alipitisha kidole chake mwenyewe. Alikipitisha mara mbili.

Bi Mwajuma naye alitoa ushahidi, akiingia kwa magongo. Wiki za mwanzo alikuwa amemlaani Rama. Siku hiyo alisema, "Nilidhani ameniua. Sasa najua aliniokoa." Rama akaachiwa. Nje ya mahakama aliinama kunishika miguu nikamzuia, nikamwambia aende kwao akalale. Mimi nilirudi kibandani, kwa sababu kampuni haikuniita na sikutarajia iniite.

Ulipita karibu mwaka. Siku moja muuza spea aliniletea mpira wa breki wa nyuma wa ile pikapu, mpya, kutoka kiwandani. Namba yake ilikuwa ile ile ya zamani, ila mwishoni kumeongezwa herufi moja. Na bati lililokuja nao lilikuwa limepindwa makali. Walikuwa wamerekebisha kimya kimya kwa magari mapya. Yale ya zamani yalikuwa bado yanapanda na kushuka milima ya Uluguru, na hakuna mwenye gari aliyeambiwa neno. Siku hiyo nilikasirika kuliko siku niliyosimamishwa kazi. Niliandika barua kwa Holtmann, kwa Kijerumani, ukurasa mmoja, nikaambatanisha picha ya mpira wa zamani na wa mpya, ubavu kwa ubavu. Chini niliandika: nitazipeleka picha hizi kwa kila mtu atakayekubali kuzitazama.

Alikuja mwenyewe. Alinikuta kibandani nimelala chini ya gari la mwalimu mmoja wa Kilakala, nikaona viatu vyake kabla sijamwona. Alisubiri nimalize. Aliniambia kulikuwa na ajali mbili katika nchi nyingine, milimani pia, na kwamba ndani ya kampuni nzima rekodi pekee iliyoonyesha mpira unavyosagwa ni picha zangu. Walitaka nirudi. Si gereji ya tawi. Mkuu wa huduma kwa nchi nzima, ofisi Dar es Salaam.

Nilikwenda. Mkataba ulikuwa mezani, mkurugenzi upande mmoja, Holtmann upande wa pili. Niliusoma neno kwa neno wakiwa wanakunywa kahawa. Ukurasa wa nne kulikuwa na kifungu kinachosema mwajiriwa hatazungumzia, kwa maandishi au kwa mdomo, suala la breki lililotangulia. Nilitoa kalamu mfukoni nikakipiga mstari, mrefu, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaweka sahihi yangu ndogo pembeni. Chini yake nikaandika kwa mkono: wenye pikapu wote wataandikiwa barua, na mpira utabadilishwa bure. Nikausukuma kwa Holtmann.

Mkurugenzi aliweka kikombe chini. "Tekla, mkataba haukatwi namna hiyo."

"Basi usichapishwe namna hiyo."

"Unajua watu wangapi wanaitaka kazi hii?"

"Waite. Kibanda changu kina kazi ya kutosha."

Sikuwa natania. Nilikuwa tayari nimeshika mkoba. Holtmann aliusoma mstari wangu kana kwamba ni maandishi. Alimuomba mkurugenzi kalamu, akaweka sahihi yake ndogo kando ya yangu, mara mbili, penye mstari na penye nyongeza. Hakusema kitu cha kishujaa. Alisema, "Andika hiyo barua wewe, kwa Kiswahili. Sisi tutaiharibu."

Walijaribu kuiharibu hata hivyo. Rasimu ilirudi kutoka kwa wanasheria mara tatu, kila mara imejaa maneno kama inawezekana, endapo na katika mazingira fulani. Mara tatu niliyafuta. Ya nne ndiyo iliyochapishwa, ikapanda Mgeta, Matombo na Kinole, ikabandikwa sokoni na kusomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Rama aliniambia ya Nyandira aliisoma yeye. Ilianza hivi: "Ndugu mwenye gari, breki zako zina kasoro, na kasoro hiyo ni yetu."